Uzi: Gazeti la asubuhi lililofika mchana, kazi yangu ya kwanza mjini Tanga

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Juma lililopita mwanangu wa darasa la sita aliniuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwa ipi, nami nikamjibu kwamba nilikuwa msambazaji wa magazeti. Alidhani namtania. Yeye gazeti analijua kama karatasi ya kufungia maandazi, na habari anazijua kama kitu kinachomulika mkononi mwa baba yake. Kwamba mtoto wa makamo yake aliwahi kupanda baiskeli kila siku akazipeleka habari mlango kwa mlango, akikabidhi na kuandika daftarini, kwake ni hadithi ya paukwa pakawa. Nimeamua kuisimulia hapa kwa urefu, na walioifanya kazi hii katika miji mingine waongeze ya kwao.

Nilianza mwaka 1995 nikiwa darasa la tano, nikaacha mwaka 1997 nilipomaliza la saba. Ndugu zetu wa Dar es Salaam mtuwie radhi, maana nyinyi mlizoea kulipata gazeti likiwa bado linanukia wino. Sisi gazeti la asubuhi lilitufikia mchana. Lilichapwa usiku, likapakiwa kwenye basi la alfajiri, likapita Chalinze, Segera na Muheza, na liliposhushwa kwenye stendi yetu ya zamani, kabla haijahamishiwa Kange, ilikuwa saa saba au saa nane. Siku basi lilipoharibika njiani, tulilipata jua likielekea kuzama. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Wajerumani, mji wetu ulikuwa ukichapa gazeti lake wenyewe lililoitwa Kiongozi, na kwamba kabla ya hapo wamisionari wa Magila, huko Muheza, nao walikuwa na gazeti lao la Kiswahili. Karibu miaka 90 baadaye sisi tulikaa stendi tukiitazama barabara kama wakulima wanaotazama mawingu.

Wakala wetu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa na meza yake chini ya mwarobaini, karibu na stendi. Alichukua wavulana watatu, na sifa aliyoihitaji ilikuwa moja tu, baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, lakini kuwa na baiskeli nyumbani si sawa na kuwa nayo wewe. Ile niliyoitumia ilikuwa Phoenix ya marehemu babu, nyeusi, nzito, yenye kengele iliyolia siku za mvua peke yake. Miguu yangu haikufika kwenye pedeli nikiwa nimekaa juu ya kiti, kwa hiyo niliendesha kwa kupitisha mguu wa kulia chini ya bomba la juu, mwili ukiwa umepinda upande mmoja kama ndizi. Waliokua enzi hizo wanaufahamu mwendo huo. Mzigo wa magazeti ulipokuwa mkubwa kwenye karia, baiskeli nayo ilipinda kuelekea upande wa pili, na hapo ndipo tulipopata msawazo, mimi na yeye.

Robota lilifika likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, ambayo huenda ilisokotwa huku huku kwetu Tanga, ikaenda Dar es Salaam na kurudi. Mzee hakukubali kamba ikatwe. Ilifunguliwa fundo kwa fundo kwa ncha ya msumari, ikakunjwa na kuwekwa, kwa sababu mama ntilie jirani aliinunua. Gazeti la juu kabisa na la chini kabisa mara nyingi yalikuwa yamechanika pale kamba ilipobana, nayo yalitengwa kando ili mteja asije akayarudisha. Kisha tuliyapanga kwa kufuata njia ya mtu, si kwa jina la gazeti, yaani gazeti la mteja wa kwanza lilikaa juu na la mteja wa mwisho likakaa chini. Nilikuwa na wateja 27. Nilianzia Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba na mtoto hawezi kupotea labda atake, nikavuka reli kwenda Chumbageni, nikapanda Bombo kwenye nyumba za watumishi wa hospitali, nikamalizia Raskazone kwenye nyumba kubwa zenye bustani na mbwa.

Mwanangu ameona katika filamu za Wamarekani kijana akirusha gazeti juu ya ua bila kushuka kwenye baiskeli. Kwetu, mtoto aliyemrushia mtu mzima kitu chochote angesimuliwa mtaa mzima kabla hajafika kwao. Gazeti lilikabidhiwa. Ulishuka, ukaegemeza baiskeli, ukapiga hodi, ukaamkia shikamoo, ukajibiwa marahaba na kuulizwa habari za shule, za mama na za homa ya mdogo wako, ndipo ukatoa gazeti kwa mikono miwili. Zidisha hayo kwa milango 27 na utaelewa kwa nini nilirudi nyumbani usiku.

Wapo wateja ninaowakumbuka kwa gazeti lao kuliko kwa sura. Mwaka 1995 ndio uliokuwa na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena mwaka 1992, na magazeti yalikuwa yameongezeka ghafla. Pamoja na Uhuru la chama tawala na Daily News la serikali, palikuwa na Majira, Nipashe na Mtanzania, na Rai lililotoka mara moja kwa wiki. Kumpelekea mtu gazeti lisilo lake miezi ile kulikuwa sawa na kumtukana. Mwenye duka mmoja wa Chumbageni alinirudisha na Uhuru hadi stendi kwa miguu, baiskeli akaizuia dukani, mpaka nikamletea Majira. Jumatatu habari ilikuwa mpira, na wazee wa Coastal Union waliokuwa bado wanaishi katika ubingwa wa mwaka 1988 walisoma habari za Simba na Yanga kwa jicho la wivu.

Niliyempenda zaidi alikuwa fundi cherehani wa barabara ya 15. Yeye hakuutazama ukurasa wa kwanza hata dunia ingekuwa inaungua. Alilikunja gazeti mara mbili pale penye mashairi, akaondoa mguu kwenye cherehani na kuanza kughani kwa sauti ya chini, kidole kikihesabu mizani juu ya kitambaa cha mteja. Mizani ikipungua, alinyanyua macho na kunitazama kana kwamba nimeidondosha njiani.

Nije kwenye malipo, maana hapo ndipo penye donge langu. Tulipata kamisheni kwa kila nakala, na faida ya magazeti ya siku nzima, kwa hesabu ya mwaka ule, ilitosha chapati mbili, chai na kitu kidogo cha kumpelekea mama. Wateja wengi hawakulipa kila siku. Niliweka alama ya vema katika daftari kwa kila siku niliyopeleka gazeti, na mwisho wa mwezi tulihesabu vema hizo pamoja. Mteja asipolipa, deni halikuwa lake na wakala, lilikuwa langu. Ofisa mmoja wa Raskazone, aliyechukua magazeti mawili kila siku, aliniambia “mwisho wa mwezi” kwa miezi mitatu, na mwisho wa mwezi wa tatu nilikuta kufuli getini na mlinzi akanieleza kwamba bosi amepata uhamisho. Mzee wa stendi alinikata kamisheni kwa wiki tisa. Miaka inakaribia 30 sasa na bado nikiliona geti lenye kufuli namkumbuka. Ninachosema ni hiki, na ningependa kusikia maoni yenu: katika kazi ile hasara ilihesabiwa kuwa ya mtu mzima, na malipo yalihesabiwa kuwa ya mtoto.

Binti wa Marikiti

Kaka Mpanda Phoenix, umenirudisha Mombasa ya mwaka 1998. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliuza magazeti karibu na Mwembe Tayari, na mimi nikiwa na miaka kumi na miwili nilitumwa kupeleka nakala za wateja wake wa Mji wa Kale kabla ya kwenda skuli. Sisi magazeti yalitoka Nairobi usiku kwa gari, hivyo mapema asubuhi yalikuwa yamefika. Huenda kazi yangu ilikuwa rahisi kuliko yako, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale havitaki baiskeli na mzigo wangu niliubeba kifuani, ndani ya buibui lililokuwa refu kwangu.

Nimecheka sana kwa habari ya fundi cherehani, kwa kuwa nilikuwa na wangu. Alikuwa mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi ujanani, macho yakamwishia, na hata hivyo hakuacha kununua Taifa Leo. Alinunua gazeti ambalo hakuweza kulisoma, na masharti yake kwa baba yalikuwa kwamba mletaji ndiye msomaji. Nilikaa kwenye baraza, miguu haifiki chini, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa haraka, na nilipofika kwenye ushairi aliniamuru nipunguze mwendo. Nikisoma kama ninavyosoma kitabu cha skuli, alinyanyua mkono na kusema, “Rudi bandarini, uanze safari upya.” Wazee wengine walijikusanya hapo kunywa kahawa na kusikiliza, wakawa saba au wanane, na baba alipojua alikasirika kwelikweli, si kwangu bali kwa hesabu: nakala moja imeuzwa na watu wanane wameimaliza.

Siku ninayoikumbuka mno ni Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1998, siku ya pili baada ya bomu la Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Nyinyi mlikuwa na la kwenu Dar es Salaam asubuhi hiyo hiyo ya Ijumaa. Nilifika kwa yule nahodha, nikafungua gazeti, na sauti haikutoka. Picha zilikuwa zimejaa. Aliniuliza kwa nini nimenyamaza, nikamwambia kwamba kuna picha. Akasema, “Basi nieleze picha.” Sikuweza. Alilichukua gazeti kutoka mikononi mwangu, akalikunja, akalikalia, na wazee wote wakakaa kimya mpaka muuza kahawa akaondoka na birika lake bila kuwadai.

Kuhusu malipo, mimi sikulipwa kitu, kwa sababu kazi ya baba si kazi, ni utiifu. Hilo nalo lina hesabu yake, lakini si ya uzi huu.

Msoma Sheria

Simulizi ni nzuri, lakini tusiipambe kupita kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14 hapa Tanzania, na mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Mwanzisha uzi alikuwa darasa la tano, akaendesha baiskeli iliyomzidi kimo katika barabara za magari na kurudi usiku, kisha akabebeshwa deni la mtu mwenye gari na nyumba ya serikali. Leo tungesema bila kusita kwamba wakala alimwonea.

Wakala Mstaafu

Vijana, nimewasoma tangu juu hadi chini. Mimi sikuwa Tanga, nilikuwa wakala katika mji mwingine wa mkoani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, lakini kazi ni moja, na naomba niseme upande wa mzee wa mwarobaini kwa kuwa hayupo hapa kujitetea.

Mnadhani wakala alikuwa tajiri aliyekalia fedha. Wakala aliweka dhamana kwa kampuni kabla hajapewa nakala hata moja. Idadi ya nakala aliitaja yeye, na kuitaja ni kamari. Ukiomba chache, siku ya habari kubwa unaaibika mbele ya wateja; ukiomba nyingi, siku ya kimya zinakubakia mezani. Zilizobaki ziliweza kurudishwa kwa utaratibu na ndani ya muda uliowekwa, zikiwa safi, zikihesabiwa upya huko zilikotoka, na hesabu yao na yangu hazikulingana mara nyingi kama mnavyofikiri. Robota lililonyeshewa ndani ya buti la basi halikuwa na mwenyewe. Kampuni ilisema ilipakia kavu, kondakta akasema alishusha kama alivyopewa. Nakala zenye kurasa za katikati zilizorukwa mtamboni nazo zilinirudia mimi. Kuna wasomaji wa bure, wale wanaosimama mbele ya meza mikono nyuma, wakasoma vichwa vyote vya habari na kuondoka wakiwa wamejadiliana na kumaliza. Hao sikuwahi kuwafukuza, maana wao ndio waliowavuta wanunuzi, ila mwanzoni walinipandisha presha.

Sasa deni. Mkopo kwa mteja haukuwa wazo la kampuni wala la wakala, ulikuwa wazo la msambazaji. Mimi niliwaambia vijana wangu, “Toa gazeti, pokea hela.” Wao ndio walioona haya kumdai mtu mzima, na haya hiyo nisingeweza kuilipa mimi. Nakubali kwamba wiki tisa ni nyingi kwa mtoto. Mimi ningekata nusu na nyingine nikaimeza. Lakini nisingesamehe yote, kwa sababu nikisamehe moja, mwezi unaofuata kila kijana ana ofisa aliyepata uhamisho.

Mwanangu Mpanda Phoenix, nikuulize jambo moja kwa kuwa umeniambia mengi. Ninyi wasambazaji mlikuwa na ugonjwa wenu, nao ulitutesa sisi mawakala kuliko madeni. Siku ya habari kubwa mliuza njiani gazeti la mteja kwa bei ya kuruka, kisha mkamwambia mteja kwamba leo basi halikuleta. Mteja alikuja kunigombeza mimi. Je, wewe hukuwahi?

Mkazi wa Sabasaba

Swali la mzee lijibiwe, tunasubiri.

Mpanda Phoenix (mwanzisha uzi)

Nimekaa siku mbili bila kujibu. Sikuwa safarini.

Nimshukuru kwanza Binti wa Marikiti, ambaye kisa chake kimenifanya nione kwamba wazee wa pwani yote walikuwa na ukurasa mmoja. Ndugu Msoma Sheria, huna ulichokosea, isipokuwa kwamba ile kazi ndiyo iliyonilipia sare na madaftari ya darasa la saba, na mama yangu hakuwa na njia nyingine ila vitumbua vyake, alivyovifungia, kama hamjakisia, kwa magazeti ya juzi niliyopewa bure. Nisingependa mwanangu aifanye. Yote mawili nayasema kwa pamoja.

Mzee Wakala, shikamoo. Jibu ni ndiyo.

Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Habari tulizisikia redioni siku ile ile, na nchi ikatangaziwa maombolezo ya siku tatu. Ziwa liko mbali sana na Tanga, lakini mji wa bandari, wenye reli, mashamba ya katani na hospitali kubwa, hukusanya watu wa kila mkoa, na hapakuwa na mtaa usio na mtu wa Kagera au wa Mwanza. Redio ilitaja meli. Watu walitaka majina.

Jumatano, tarehe 22, nilipofika stendi kutoka shule palikuwa na umati ambao sikuwahi kuuona hata siku za uchaguzi. Basi lilichelewa. Robota liliposhushwa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi mzee alikata kamba kwa kisu. Meza ilimalizika kabla sijamaliza kupanga ya wateja wangu, na mzee akatuamuru tuondoke upesi na tusisimame mpaka tufike kwa wateja. Nilitoka na nakala zangu zote. Nikafika kwenye kivuko cha reli, watu waliotoka stendi mikono mitupu wakaliona karia langu. Wa kwanza alinipa bei yake halali nikakataa. Akaongeza mara mbili. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa amekwisha kuziinua noti juu.

Niliuza sita. Sikuchagua za nani. Nilizitoa chini, kwa sababu kuzitoa juu kungevuruga mpango, na mtakumbuka kwamba chini ndipo walipokuwa wateja wa mwisho. Za Raskazone nilizijua kwamba hazina neno, wale walikuwa na televisheni na simu. Nilichosahau ni kwamba siku ile nilikuwa nimepanga mwisho wa njia kinyume, Raskazone kwanza na Bombo mwisho, ili niwahi kurudi Ngamiani penye watu wengi, na hivyo nakala ya Bombo ilikuwa imekaa chini pamoja na za Raskazone.

Katika nyumba za watumishi, Bombo, alikuwepo muuguzi mmoja mwenyeji wa Bukoba. Yeye ndiye mteja pekee ambaye hakunisubiri mlangoni siku za kawaida. Alinionyesha upenyo wa dirisha la jikoni, nikawa napenyeza Nipashe yake hapo, na mara nyingi nilikuta kikombe cha uji kimefunikwa kwa kisahani kwa ajili yangu. Siku hiyo alikuwa amesimama barabarani. Sare ya kazi ilikuwa bado mwilini, viatu vimeshikwa mkononi. Aliniona tangu mbali na akaanza kunijia, nami nilipotazama karia niliona mpira wa kufungia mzigo umelegea na hakuna kitu chini yake.

Nilimwambia kwamba leo yalikuja machache. Hakugomba. Aliniuliza, “Mwanangu, wewe umeliona? Wameandika majina?” Sikuweza kumjibu, kwa maana nilikuwa nimebeba magazeti ya siku ile kutoka stendi hadi Raskazone na nimeuza sita kwa bei ya kuruka bila kufungua hata moja. Nikasema sijui. Akaniambia nisihangaike, nirudi nyumbani mapema, barabara ina watu wengi leo. Hela za nakala zile sita zilikuwa mfuko wa kaptura, upande wa mguu ninaoupitisha chini ya bomba, na kila nilipokanyaga pedeli sarafu zililia.

Kuhusu ndugu yake aliyekuwa melini, kama alikuwemo, sikuuliza, na mtoto wa umri wangu hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Siku iliyofuata nilipeleka gazeti kama kawaida, dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa, nikaliacha juu ya ngazi na kuliwekea jiwe. Kikombe cha uji hakikuwepo wiki ile wala iliyofuata.

Mzee, umeuliza nami nimesema, lakini kuna kipande ambacho hukukiuliza. Usiku wa tarehe 22 nilijaza daftari kama nilivyojaza kila usiku, mstari kwa mstari, nikiwa na usingizi na woga kwamba nikiacha nafasi sita wazi wakala ataona na kuuliza. Niliweka vema kwa wote 27. Wateja watano kati ya wale sita walinigomea mwisho wa mwezi na kukataa kulipia siku hiyo, wakiwemo wa Raskazone ambao niliwadhani hawana habari, nami nikakubali na kusema ni makosa ya kalamu. Yeye hakugoma. Ijumaa ya tarehe 31 alinikaribisha ndani kwa mara ya kwanza, akafungua daftari langu juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mstari wake siku kwa siku kama fundi wangu alivyohesabu mizani, na kidole kilipofika tarehe 22 kilisimama. Kisha kikaendelea. Alihesabu noti mbele yangu, za mwezi mzima, akaniuliza kama hesabu ni sawa, nami nikamwambia ni sawa.